Simu ya Mkwe Wangu kutoka Voi

Ruiru, shamba la kahawa
Jumanne asubuhi

Kwa mdogo wangu mpenzi Mghoi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi dada yako ni mzima wa mwili, habari za moyo nitakueleza mbele. Wewe hujambo? Kile kichwa kilichokuwa kinakugonga upande mmoja kimepoa? Shemeji yangu Mwachofi hajambo na kazi yake ya mkonge? Watoto wako nawapa mkono mmoja mmoja, kuanzia mkubwa mpaka huyo uliyemwachisha ziwa juzi, ambaye hata sura yake siijui. Mama yetu mshike mkono wa kulia kwa niaba yangu, na umpigie kelele sikioni kwamba mwanawe Mkamburi anamwamkia, maana najua masikio yake yamechoka. Mwanangu Mwadime mwambie asome, aache kujificha na mbuzi kule kwenye mawe siku ya hesabu. Nina habari zake, asidhani umbali umenifunga macho. Mwalimu wa kanisa na mkewe wasalimie, wazidi kuniombea. Jirani yetu Mama Mshai msalimie pia, na mwambie lile sinia langu sijalisahau.

Na Wakesho. Mwanangu Wakesho.

Unaona, Mghoi? Nimemweka mwisho tena, kama nilivyofanya siku ile. Mkono umezoea njia yake. Sasa nisikilize nikueleze, kwa sababu tangu siku hiyo chakula kinapita kooni kama mchanga.

Kwanza ujue niko wapi. Wakati tulipotoka Mwatate na Bwana na Memsabu kuja huku kwenye kahawa, nilikuja kulea watoto wao. Hilo unalijua. Watoto wenyewe sasa wamepelekwa shule ya kulala, wanakaa huko huko, wanakuja likizo tu. Nilisema basi, kazi yangu imekwisha, narudi nyumbani kwa watoto wangu. Lakini ndipo ilipoingia hii hali ya hatari. Wakikuyu wakatolewa ndani ya nyumba za Wazungu, wengine wakapelekwa kukaa kwenye vijiji vilivyochimbiwa handaki pande zote. Mtu hatoki bila karatasi. Memsabu akanitazama, akaona mimi ni Mtaita, Kiingereza cha kuokoteza ninacho. Akanipeleka kwenye korido, akaniwekea kiti chini ya simu.

"Wewe kaa hapa," akaniambia. "Bwana iko doria na polisi. Kama polisi napiga, wewe sikia, wewe kimbia ita mimi. Hapana acha simu peke yake."

Basi mdogo wangu, nimekuwa yaya wa simu. Ni sanduku jeusi ukutani, lina mkono wa kuzungusha na lina kengele mbili juu kama matiti. Waya wetu ni mmoja na mashamba mengine, kwa hiyo inalia hapa, inalia na kwao. Kila shamba lina mlio wake. Wetu ni milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Ukisikia mwingine, unaacha. Wazungu wenyewe hawaachi. Wananyanyua polepole wanasikiliza mambo ya wenzao, unasikia pumzi zao. Mimi nisiposikia mlio wetu sina kazi, na nikiondoka nina makosa. Choo chenyewe natazama huku na huku kwanza, halafu nakwenda mbio.

Yupo mpishi hapa, Mzee Njoroge, ndiye peke yake waliyemwacha katika Wakikuyu wa nyumbani, kwa sababu Bwana hawezi kula mkate wa mtu mwingine. Huyo ndiye ananichekesha. Akipita na sinia ananiambia, "Mama Wakesho, hii chuma imekuoa. Imelipa mbuzi ngapi kwenu?"

Namwambia, "Haijalipa hata moja, na haitaki nitoke."

"Hĩ! Basi hiyo ni bwana kabisa."

Barua yako ya mwisho ilipofika, ile uliyosema Wakesho amerudi hapo nyumbani kusubiri siku zake, nilikwenda kwa Memsabu. Nikamweleza kwa adabu: mwanangu ana mimba, ya kwanza ilimharibikia, hii ya pili nataka niwe karibu naye. Nipe ruhusa kidogo tu. Memsabu si mtu mbaya, Mghoi. Alinihurumia, niliona. Aliniuliza hata jina la Wakesho. Halafu akasema, "Lakini wewe nakwenda, simu nani sikia?"

Nikasema, Mzee Njoroge. Kiingereza chake kinakishinda changu. Na Njoroge alikuwa amesimama pale pale na birika la chai.

Memsabu akasema, "Njoroge? Hapana. Huyu Kikuyu."

Njoroge akamimina chai, hata tone halikumwagika nje. Jikoni alimenya viazi, kisha akaniambia, "Mkate nawapa, wanatia tumboni. Neno hawataki nitie sikioni." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko.

Ngoja. Inalia.

Si yetu. Ni ya yule Mzungu wa ng'ambo ya mto. Moyo wangu unaruka kila mlio, hata huo ambao najua si wangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, akina mama wa kuchuma kahawa wamekwisha kwenda mashambani, Memsabu yuko kwenye maua yake. Ikalia, miwili mirefu na mmoja mfupi. Nikanyanyua, nikasema halo. Opereta wa Thika akaniuliza kama hapo yuko mtu anaitwa Mama Wakesho, kuna simu ya mbali kutoka Voi.

Mghoi, tangu nizaliwe hakuna simu iliyopigwa kwa ajili yangu. Nilitazama nyuma kama mtu anayeitwa sokoni, nikidhani yuko Mama Wakesho mwingine. Nikasema, "Ni mimi."

Halafu nikasikia, "Shikamoo Mama." Ni Mwamburi. Mkwe wangu!

Unajua jinsi mimi na huyo kijana tunavyoheshimiana. Tangu alipomwoa Wakesho hatujapata kula mahali pamoja. Nilipokuja likizo alikaa nje ukutani, mimi ndani, tukazungumza mlango ukiwa katikati, kila mtu anatazama upande wake. Sasa hiyo simu imemchukua imemtia ndani ya sikio langu. Nasikia anavyomeza mate. Nasikia pumzi yake. Niliona haya, mdogo wangu, nikajikuta nimevuta leso nikajifunika kichwa, kana kwamba ananiona. Na mtu akiona haya mbele ya mkwe afanye nini? Anasalimia.

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo Mama. Habari za huko?"

"Njema. Baba yako hajambo?"

"Hajambo Mama, anakusalimu."

"Na mama yako, ule mguu?"

"Unaendelea vizuri."

"Mifugo?"

"Ipo Mama."

"Mvua mmepata?"

"Tumepata kidogo. Na wewe Mama, kile kifua?"

"Kimetulia. Wadogo zako?"

"Wazima wote. Bwana wako na Memsabu hawajambo?"

"Hawajambo. Na mahindi ya mabondeni?"

Tukaenda hivyo, yeye ananirudishia, mimi namrudishia. Alipopata nafasi akasema, "Mama, mimi nimeteremka Voi kwa sababu..."

Mimi nikamwambia, "Ngoja kwanza baba, sijamuulizia Mama yangu."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Sijamuulizia Mama yangu. Akanyamaza, mtoto wa watu, kwa adabu. Akasema, "Bibi hajambo." Nikakuulizia wewe, nikamuulizia Mwachofi, nikamuulizia Mwadime. Wakesho nilikuwa namweka mwisho, kwa sababu utamuulizaje mkwe habari za mkewe kabla hujauliza za wengine? Tena mkewe akiwa katika hali ile? Si ataona mama mkwe hana haya? Nikasema moyoni, nikimaliza Mwadime, namuuliza kwa upole, "Na nyumbani kwako je?" Yeye ataelewa.

Nikasikia tiii, tiii, tiii. Halafu kimya. Nikasema, "Baba? Mwamburi?" Nikazungusha ule mkono mpaka bega likaniuma. Opereta akasema dakika zimekwisha na Voi wamekata.

Kumbe simu ya mbali inapewa dakika tatu. Nani aliniambia? Mimi simu ninazozijua ni za polisi na za Memsabu na mashoga zake, na hao wanaongea mpaka chai inapoa.

Nikabaki nimeshika ile chuma. Mtu hateremki kutoka milimani mpaka posta ya Voi kwa ajili ya mguu wa mama yake. Alitumwa. Ni wewe uliyemtuma, au ni Mama? Na alitaka kusema nini? Nimeigeuza sauti yake kichwani kama mtu anayepeta mchele. Wakati mwingine naona ilikuwa na furaha iliyofichwa, naambiwa kuna mtoto wa kiume, au wa kike aliyepewa jina langu. Wakati mwingine naona ilikuwa kavu. Alisema wazima wote, lakini hiyo si kitu. Sisi hata nyumba ikiungua tunasema njema kwanza, moto tunautaja baadaye. Njema zote alizonipa haziniambii lolote, Mghoi. Zilikuwa mlango tu. Ndani sikuingia.

Ikalia tena, mlio wetu, nikakimbia kumwita Memsabu, akaja akiwa na mikasi ya maua mkononi. Hakuwa Mwamburi. Ni Mzungu mmoja jirani, alikuwa amenyanyua simu yake akatusikiliza, akampigia papo hapo kumcheka kwamba yaya wake anaamkiana kwenye waya kama yuko gulioni. Nikamweleza Memsabu yote, nikalia. Nikamwomba anipigie Voi.

"Pigia nani?" akaniuliza. "Yeye iko na simu?"

Ni kweli. Mwamburi hana simu. Alikuwa na simu kwa dakika tatu, akaitoka, akarudi milimani. Hiki kitu kinampata aliye nacho ukutani tu. Wengine wote tuko vile vile tulivyokuwa.

Memsabu akanishika bega. Akasema kama ni jambo kubwa atapiga tena. Neno hilo alilisema kwa wema, lakini ndilo lililonifunga, utaona.

Baada ya hapo Bwana aliteguka mguu huko doria. Akawa anakaa nyumbani, mguu juu ya stuli, karibu na simu. Memsabu akanichukua Thika kumbebea vitu. Tukapita Juja, penye mkonge pande zote, nikaona kama niko Mwatate, nikageuza uso. Thika, Memsabu alipoingia kwa Muhindi wa vitambaa, nikamwomba niende posta, akaniruhusu. Sikuwa na barua ya kutia. Nilizunguka nyuma, penye mlango wa wafanyakazi, nikakaa kwenye ngazi nikisikiliza sauti za watu wanaotoka. Askari wa mlangoni akaniuliza, "Mama, unataka nani?"

Nikasema, "Namtaka yule anayesema, Namba please."

Akacheka sana. Lakini akaingia akamwita. Akatoka kijana mmoja mrefu, suruali imepigwa pasi, kikombe cha chai mkononi. Aliposema tu "Habari yako mama," nikamjua. Ni yeye. Ni Mkamba wa upande wa Ngoliba, jina lake Musyoka.

Nikamwambia, "Mimi ndiye Mama Wakesho."

Alikaa chini pale pale kwenye ngazi. "Ai! Mama wa Voi! Mama, siku ile nilitoka jasho kwa ajili yako."

"Ulisikia?"

"Kusikiliza haturuhusiwi. Lakini lazima niingie nione kama mnasikilizana. Nikaingia, mko kwenye mvua. Dakika zikaisha. Nikamwomba mwenzangu wa Voi, tuwaachie kidogo. Nikaingia tena, nikasema sasa watakuwa wamefika. Mko kwenye mahindi!"

Nilicheka, Mghoi. Machozi yananitoka na ninacheka. Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, mbona hukunikatiza? Si ungesema, mama, fanya haraka?"

Akatazama kikombe chake. "Mzungu namkatiza kila siku, ndiyo kazi. Lakini mtu na mama mkwe wake? Hata mimi ninaye mkwe, mama. Ningeingiaje katikati?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa watatu kwenye ule waya, sote na adabu zetu, na neno la mwanangu likakosa pa kupita.

Nikamwuliza kama yule wa Voi alisema chochote, kama Mwamburi alionekana analia, au anacheka. Akasema hajui, alipewa jina langu na shamba tu. Lakini ameniahidi, Voi wakiita tena ataniunganisha upesi. Akaniambia, "Na wewe, mama, tafadhali. Akipatikana, neno kwanza. Mvua baadaye."

Nilipotoka pale niliona basi la Nairobi linapakia. Utingo anapiga ubavu wake anaita, "Nairobi! Nairobi!" Kutoka Nairobi kuna gari la moshi, na asubuhi lingenishusha Voi. Nguo niliyovaa ilikuwa inatosha. Sikuwa na karatasi ya Memsabu, na polisi wako pale Ruiru na mbele yake wakisimamisha kila gari. Lakini Mghoi, sikudanganyi, si polisi walionizuia. Niliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Nikawaza, je, nikiwa njiani Mwamburi akapiga? Ikalia miwili mirefu na mmoja mfupi, Bwana akanyanyua, akasikia sauti ya mtu mweusi inasema shikamoo, akaitupa? Nitafika nyumbani nimechelewa, na simu nayo nimeikosa. Utingo akaniambia, "Mama, panda au toka, unaziba mlango." Nikatoka. Nikarudi kwa Memsabu, nikabeba vitambaa vyake.

Zamani walinikalisha kwenye hiki kiti. Sasa najikalisha mwenyewe. Juzi Memsabu ameniambia niende kanisani, Bwana bado yupo na mguu wake. Nimekataa. Njoroge ameniuliza, "Mumeo amekupiga marufuku hata kusali?" Nikamwambia nasali hapa hapa. Akaniletea chai kwenye korido, akavuta debe akaketi, Memsabu akipita yeye anainuka. Ananiambia katika kijiji chao jioni lango linafungwa, na mtu akiwa na mgonjwa nje ya handaki anamsikiliza kwa masikio tu, upepo ukivuma vizuri. "Afadhali wewe una waya," akasema. Tulikaa tu tukiitazama simu.

Sasa nakuomba, mdogo wangu. Mwite Mwamburi. Kama anaona haya, msimamie mlangoni umwambie neno langu hili, Mama akiwepo asikie awe shahidi. Mimi mama mkwe wake, kwa hiari yangu, nimemwondolea salamu. Akifika tena posta ya Voi, nikisema halo, asiniambie shikamoo. Asiniulize kifua. Aseme jina la Wakesho, na baada ya jina aseme alivyo. Kama ni mzima aseme mzima. Kama si mzima, alitaje hilo neno lenyewe, alisukume, wala asilizungukie. Hatakuwa amenivunjia heshima. Nikirudi nyumbani tutakaa tena mlango ukiwa katikati, tutaamkiana mpaka jua lizame, nitamlipa salamu zote ninazodaiwa.

Na kama hawezi, mimi simlaumu, andika wewe. Wewe ni damu yangu. Usinijibu kama nilivyoanza mimi. Usiniulize hali, usiniambie mvua, usimtaje mwalimu wa kanisa wala Mama Mshai. Jina la Wakesho liwe juu kabisa, penye nafasi ya anwani. Mzee Njoroge anapewa karatasi ya kwenda stesheni ya Ruiru kuchukua barua, na amesema akiona mwandiko wako hatasubiri mkate uive.

Ngoja.

Si yetu.

Mama mshike mkono. Mwadime mlaze karibu nawe kama ana hofu. Andika leo hii hii, Mghoi, kabla hujakunja hii yangu.

Ni mimi dada yako,
Mkamburi, mama yake Wakesho